Kutoka kwenye Kadi hadi kwenye Bango: Namna ya Kuhariri na Kutunza Picha

Familia ikifiwa, mara tu hema na viti vikishaagizwa, kinachotafutwa ni picha ya marehemu. Ndiyo itakayokaa kwenye jalada la kijitabu cha mazishi, kwenye bango la getini na kwenye fremu inayotangulia jeneza. Simu zinapekuliwa usiku kucha. Inapatikana moja nzuri, anatabasamu, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ambako imepakuliwa na kutumwa upya na kila shemeji. Asubuhi inafikishwa kwa mchapishaji mjini Kisumu, na mazungumzo huwa yale yale:

"Fundi, hii tunataka iwe kubwa, ya kuwekwa getini."

"Mama, hii itatoka na ukungu. Ile yenyewe, iliyotoka kwenye simu iliyopiga, iko na nani?"

"Hiyo simu iliibwa."

Mwongozo huu ni wa mtu anayepiga picha kwa kamera au kwa simu nzuri, awe wa studio, wa kanisa, wa shule au wa familia tu. Una nguzo moja: faili ya asili haiguswi kamwe. Picha ya mtandaoni ni nakala, ya fremu ni nakala nyingine, ya bango ni nyingine tena. Anayehariri ile ya asili, akaipunguza ili ipite kwa bando, kisha akaihifadhi kwa jina lile lile, ameshaitupa picha hata kama bado anaiona kwenye skrini.

Kabla hujapiga

Weka saa ya kamera sawa. Kamera nyingi zikikaa sana bila betri hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, na harusi ya Desemba inajipanga chini ya Januari ya mwaka ambao bwana harusi alikuwa bado darasa la sita. Kamera pia haihesabu saa kama sisi: saa moja asubuhi kwake ni 07:00, saa moja jioni ni 19:00. Mkiwa wapiga picha wawili, linganisheni saa kabla ya kuanza, la sivyo mkizichanganya picha keki itakatwa kabla ya kiapo.

Kagua kadi. Kadi za bei ya kutupa huweza kuandikwa gigabaiti 128 juu ilhali ndani zina 8. Inapokea picha siku nzima bila kulalamika, na ukifika nyumbani nusu ya faili hazifunguki. Kwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw, na kwenye Linux na Mac kuna F3. Zote mbili huijaza kadi data kisha huisoma tena kuona kama kilichoandikwa kipo. Inachukua muda, lakini unaifanya mara moja tu kwa kila kadi mpya.

Kama kamera inaruhusu, piga RAW (data ghafi ya kamera kabla haijabanwa) pamoja na JPEG (picha ya kawaida iliyobanwa). JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina 16,384. Tofauti hiyo huioni picha ikiwa sawa. Unaiona siku umepiga uso wa mtu kivulini na nyuma yake kuna ziwa linalomeremeta. Canon huziita faili hizo CR2 au CR3, Nikon NEF, Sony ARW. Kwa picha za mkutano wa chama zitakazoishia Facebook, JPEG inatosha, usijipe mzigo.

Kutoa picha kwenye kadi

Nakili, usihamishe. Ukihamisha na stima ikapotea katikati, kuna faili ambazo hazitakuwa kwenye kadi wala kwenye kompyuta. Nakili kwanza kwenye kompyuta, kisha kwenye haadi diski ya nje, fungua picha chache za mwanzo, za katikati na za mwisho kuhakikisha ni nzima, na hapo ndipo uifute kadi. Ifutie ndani ya kamera yenyewe kwa amri ya kufomati.

Ukishaifomati kadi kwa bahati mbaya, iondoe kwenye kamera papo hapo. Picha bado zimo mpaka nyingine zije zikae juu yake. Programu ya bure ya PhotoRec huzirudisha nyingi, ila majina ya faili yatakuwa yamepotea.

Folda iandike ikianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2025-04-19_dunga_soko-la-samaki. Ukianza na siku, kompyuta itapanga tarehe 1 za miezi yote pamoja. Ukianza na mwaka, zinajipanga zenyewe hadi utakapozeeka. Usiweke nafasi tupu wala alama za ajabu kwenye jina, tumia vistari. Ndani ya folda hiyo weka nyingine nne: asili, kazi, mtandao, chapa. Folda ya asili ukishaijaza, ibofye kulia uiwekee ruhusa ya kusomwa tu.

Kuchambua

Pitia mara ya kwanza haraka ukiondoa zilizotikisika, macho yaliyofumba na vidole mbele ya lenzi. Mara ya pili zipe nyota zile nzuri. Usianze kuhariri kabla ya kumaliza kuchambua, maana utatumia saa nzima kuremba picha ambayo nzuri kuliko hiyo iko mbele kidogo.

Ila usiwe mwepesi wa kufuta picha eti zimepooa. Ziwa Nakuru lilipopanda mwongo uliopita, lilimeza geti kuu la zamani la mbuga na barabara za kando ya maji, na flamingo wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Aliyepiga geti lile akingojea tu gari lipite, picha isiyo na simba wala nyati, sasa ana kitu ambacho hakuna atakayekipiga tena. Ndivyo ilivyo kwa vibanda, stendi za matatu na mabango ya barabarani. Picha mbovu futa. Picha ya kawaida yenye tarehe, iache.

Kuhariri

Programu zisizo za kulipia zipo na zina uwezo wa kutosha: darktable na RawTherapee kwa RAW, GIMP kwa kurekebisha sehemu ndogo ndogo, Snapseed kwa simu. Lightroom ni ya kulipia kila mwezi. Darktable na Lightroom haziigusi faili yenyewe. Zinaandika maagizo pembeni, ongeza mwanga hapa, punguza pale, na maagizo hayo yanatekelezwa unapotoa nakala. GIMP inabadilisha pikseli zenyewe, zile nukta zinazounda picha, kwa hiyo ukiitumia fungua nakala iliyo kwenye folda ya kazi.

Chukua picha moja tuipitie pamoja. Dunga, ufuko wa wavuvi Kisumu, saa nne asubuhi. Mama ameinama akigeuza omena (dagaa) zilizoanikwa juu ya nyavu chini. Amevaa kofia pana, jua limeshapanda kwa sababu ikweta iko hapa hapa karibu, na nyuma yake ziwa na mashua. Omena zinang'aa kama fedha, uso wa mama umezama kivulini, na mstari wa ziwa umeinama upande wa kulia.

Anza na mstari. Ziwa lililoinama linamwaga maji nje ya picha, na jicho la mtazamaji hulijua hata kama hawezi kusema kasoro iko wapi. Zungusha picha mpaka upeo ukae sawa. Hapo hapo kata kingo kidogo kama kuna mguu wa mtu au ndoo nusu pembeni, lakini usikate sana. Kukata kwa ajili ya fremu au tovuti kutakuja baadaye kwenye nakala.

Kisha mwanga. Fungua histogramu, ule mchoro wa kilima unaoonyesha giza kushoto na mwanga kulia. Kama kilima kimejibanza kwenye ukuta wa kulia, omena zimeungua na hakuna tena magamba, ni weupe mtupu. Shusha sehemu za mwanga mkali kwanza, taratibu, mpaka magamba yaonekane. Halafu inua vivuli ili uso utoke chini ya kofia. Usiinue hadi kivuli kiishe kabisa. Jua la saa nne lina kivuli, na picha isiyo nacho inaonekana imebandikwa.

Hapa niseme jambo linaloniudhi. Kuna wahariri ambao wakiona uso mweusi wanadhani ni kosa la kamera, wanauvuta mpaka uwe rangi ya chai ya maziwa. Ni kweli kamera hudanganyika: mita yake ya mwanga hujaribu kufanya kila kitu kiwe kijivu cha katikati, kwa hiyo bibi harusi mwenye gauni jeupe huifanya ipunguze mwanga, na uso wake unaingia gizani. Hilo rekebisha. Lakini kipimo chako kiwe mng'ao wa ngozi kwenye paji la uso na mashavu, si wepesi wa rangi. Ngozi nyeusi iliyohaririwa vizuri ina kina, ina mng'ao, na ukimwonyesha mwenyewe anajitambua. Programu za simu zenye kitufe cha "kupendezesha" hulainisha ngozi hadi vinyweleo viishe na hung'arisha bila kuulizwa. Zima kitufe hicho kwenye mipangilio ya kamera ya simu kabla ya kupiga.

Rangi sasa. Adui mkubwa wa rangi katika sherehe zetu ni hema. Mahema ya bluu na ya kijani huchuja jua na kulimwaga juu ya watu, na wageni wote waliokaa chini wanaonekana wagonjwa. Tafuta kitu kinachopaswa kuwa cheupe au kijivu chini ya hema lile lile, kwa mfano kola ya shati, karatasi ya ratiba au kiti cha plastiki, kisha ubofye hapo kwa kifaa cha kusawazisha weupe (white balance). Kama mtu mmoja yuko nusu ndani ya hema na nusu juani, hakuna namba moja itakayozifaa pande zote mbili. Tia kinyago (mask ya programu) upande wa hema urekebishe upande huo peke yake. Ukishapata namba nzuri kwa hema hilo, inakili kwa picha zote zilizopigwa pale, isiwe unaanza upya kila mara.

Mwishoni ndipo uondoe madoa ya vumbi angani na uongeze ukali kidogo. Chunusi ya siku ile unaweza kuiondoa. Kovu na alama ya kuzaliwa viache, ni vya mwenyewe. Na kama picha ni ya habari, ya ripoti ya mradi au ya ushahidi wa bima, usiondoe wala usiongeze mtu au kitu chochote.

Toka hapo hifadhi faili kuu ya kazi kama TIFF, aina ya faili isiyopoteza kitu, au XCF kama ni GIMP. JPEG hupoteza kitu kila unapoihariri na kuihifadhi upya.

Nakala ya mtandaoni

Upande mrefu uwe pikseli 1600 hadi 2048. Geuza rangi ziwe sRGB, mfumo wa kawaida wa rangi, maana hiyo ndiyo simu na vivinjari vingi vinavyoitarajia. Picha ya Adobe RGB, mfumo mpana zaidi, ikifunguliwa mahali pasipoijua inapauka. Toa JPEG kwa ubora wa 75 hadi 85, na picha nyingi zitaangukia kati ya kilobaiti 200 na 500. Ongeza ukali kidogo baada ya kupunguza ukubwa, si kabla. Kama tovuti ni yako, WebP, aina nyingine ya faili ya picha, itakupa faili ndogo zaidi kwa sura ile ile, na anayeifungua kutoka Siaya kwa bando la shilingi ishirini atashukuru.

Utaambiwa "weka 72 dpi (nukta kwa inchi), ni ya mtandao." Puuza. Skrini inahesabu pikseli tu, na namba hiyo haibadilishi chochote hadi picha ifike kwenye karatasi.

Fomu za mtandaoni zina masharti yake. Kwa bahati nasibu ya viza ya Marekani, kwa mfano, masharti yalikuwa haya, na vijana wa saiba waliyajua kwa moyo: mraba wa pikseli 600 kwa 600, JPEG, isiyozidi kilobaiti 240, na uso usiguswe kwa kuhaririwa.

Mahali picha ilipopigwa: simu nyingi huandika ndani ya faili mstari wa latitudo na longitudo. Picha ya mtoto kibarazani inaweza kumwelekeza mgeni hadi mlangoni. Ondoa taarifa za mahali unapotoa nakala ya mtandaoni. Programu za kuhariri za kompyuta nilizotaja zinaruhusu. WhatsApp huziondoa ukituma kama picha, ila ukituma kama hati faili inakwenda nzima na taarifa zake zote.

Na watoto kwa jumla: Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Anayepiga picha za siku ya michezo ya shule na apate karatasi iliyosainiwa kabla ya kupakia chochote.

Nakala ya karatasi

Hapa ndipo pesa zinapotea. Karatasi inayoshikwa mkononi inahitaji pikseli 300 kwa kila inchi. Hesabu zake ni hizi:

- 4 kwa 6 (ya albamu): 1200 × 1800
- A5 (kijitabu cha mazishi au cha harusi): 1748 × 2480
- 8 kwa 10: 2400 × 3000
- A4: 2480 × 3508
- A3: 3508 × 4961

Bango halishikwi mkononi, linatazamwa kutoka ng'ambo ya barabara. Kamera ya megapikseli 24 ina upande mrefu wa pikseli 6000. Ukiutandaza kwenye mita mbili unapata kama 76 kwa inchi, na kwa umbali huo ni safi. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida hubaki na upande mrefu wa pikseli 1600 hivi. Itandaze kwenye mita hizo hizo mbili, unapata 20 kwa inchi. Huo ndio ukungu anaousema fundi. Kwenye jalada la A5 picha hiyo hiyo ingefika 190 na kidogo, inavumilika. Kitufe cha HD cha WhatsApp kilichokuja mwaka 2023 kinasaidia, lakini bado kinabana. Unapotuma picha ya kuchapishwa, ambatisha kama hati, au beba kwa flashi.

Usisahau umbo. Kamera nyingi hupiga kwa uwiano wa 3:2, simu kwa 4:3, na fremu maarufu ya 8 kwa 10 ni 5:4. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 ikiingizwa kwenye 8 kwa 10 inabaki 5000 kwa 4000, sehemu moja ya sita ya upana imekatwa. Katika picha ya ukoo, sehemu hiyo ni shangazi aliyesimama mwisho wa mstari, na ni yule yule aliyelipia usafiri wa watu wote. Kata mwenyewe kabla ya kupeleka, au mwambie fundi aache ukingo mweupe. Usiiachie mashine iamue. Unapopiga kikundi, rudi nyuma hatua mbili uache nafasi pembeni.

Kwa kijitabu na kadi, rangi inayofika ukingoni lazima izidi milimita 3 kila upande, kwa sababu kisu cha kukatia hakipiti mahali pale pale kila mara. A5 inakuwa milimita 154 kwa 216, yaani pikseli 1819 kwa 2551. Jina la marehemu na paji lake la uso viwe mbali na ukingo.

Maabara zinazosafisha picha kwa karatasi ya picha kwa kawaida hutaka JPEG ya sRGB. Mashine za ofseti, zile za kuchapa nakala nyingi, hutumia wino nne, CMYK, na wino hizo haziwezi kufikia kila rangi unayoiona kwenye skrini. Bluu kali ya kitenge hutoka imeelekea zambarau, kijani cha majani machanga hupooza. Muulize fundi anataka nini kabla hujageuza chochote, na kama sare ya harusi ni bluu, omba karatasi moja ya majaribio kabla ya kuchapa mia tano.

Malalamiko ya "imetoka nyeusi" mara nyingi si ya printa. Skrini imewashwa mwanga wa juu kabisa, mhariri amepunguza mwanga wa picha ili ikae vizuri machoni pake, na karatasi haina taa nyuma yake. Shika karatasi nyeupe kando ya skrini, dirishani, kisha ushushe mwanga wa skrini mpaka weupe wake ukaribiane na wa karatasi. Hariri ukiwa hapo.

Majina

Kazi hii watu huiruka, na ndiyo inayoamua kama ulichonacho ni hazina au ni rundo. Karibu kila faili ya picha ina nafasi ya ndani ya kuandikia maelezo, iitwayo IPTC. Ukiandika humo, maneno yanasafiri na picha faili inaponakiliwa. Tumia digiKam, ambayo ni ya bure, au Lightroom. Kwa folda nzima kwa mkupuo kuna ExifTool.

Andika nani, nini, wapi, lini. "Mama mjini" si maelezo. "Mwanamke akigeuza omena kwenye nyavu, Dunga, Kisumu, Jumamosi 19 Aprili 2025, asubuhi" ni maelezo. Kwa kikundi anza "kutoka kushoto" na uende mstari kwa mstari, wa mbele kwanza. Andika majina yote matatu. Otieno peke yake hatoshi. Mji huu una akina Otieno wa kujaza uwanja wa michezo. Mwanamke aliyeolewa mwandikie na jina la kwao, maana wajukuu watamtafuta kwa upande huo pia. Jina la utani lisidharauliwe, pengine ndilo pekee ambalo kijiji kinalijua. Jina usilolijua acha wazi kuliko kubahatisha.

Fanya hivyo wiki hiyo hiyo. Katika matanga, wazee waliokaa chini ya mwembe wanajua kila uso. Waonyeshe simu pale pale, uandike.

Jaza pia nafasi ya mpigaji na ya hakimiliki. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 kazi inalindwa bila hata kusajiliwa, lakini jina lililo ndani ya faili hurahisisha mambo siku ukikuta picha yako kwenye kalenda ya mtu. Mitandao mingi ya kijamii huyafuta maelezo hayo ukipakia, sababu nyingine ya kutoitegemea kama hifadhi.

Kuhifadhi

Nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, na moja ikae mbali na nyumba. Kompyuta ni ya kwanza, haadi diski ya nje ni ya pili. Flashi isiwe hifadhi, ni ya kubebea tu.

Ile ya mbali ndiyo inayookoa. Kanda hii ina radi isiyo na mchezo, kutoka Kakamega hadi Kisii, na stima hurudi kwa kishindo baada ya kupotea. Diski ya pili isikae imechomekwa. Ichomeke siku ya kunakili, kisha ichomoe. Mafuriko nayo yana njia zake, Budalang'i na uwanda wa Kano wanayajua, na mwaka 2020 ziwa lilipopanda maji yalifika Dunga hadi kwenye majengo. Kama nyumba iko Nyamasaria na studio iko Nyamasaria, hizo si sehemu mbili. Diski ya tatu mpe dada aliyeolewa Nakuru, ubadilishane naye kila mnapokutana Krismasi.

Au tumia wingu, kama mfuko unaruhusu. Google hutoa gigabaiti 15 bure, zinazogawana na barua pepe zako, na tangu tarehe 1 Juni 2021 picha zote mpya huhesabiwa humo. RAW za megabaiti 30 kila moja zitaingia kama 500, basi. Njia ya kati ni kupakia zile za nyota pekee. Na ujue kwamba kusawazisha si kuhifadhi: programu inayofananisha simu na wingu, ukifuta huku inafuta na kule.

Fomati diski kwa mfumo wa exFAT ili isomwe na Windows na Mac pia. FAT32, mfumo wa zamani, haipokei faili inayozidi gigabaiti 4, na video ya ibada itakukwama. Diski ikae ndani ya kopo linalofunga vizuri na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, hasa ukikaa karibu na ziwa.

Kila Januari chomeka kila diski, fungua picha kadhaa kutoka kila mwaka, uone kama zinafunguka. Diski ikianza kugonga au kuchelewa, nunua nyingine wiki hiyo. Baada ya miaka mitano hivi hamia diski mpya hata kama ya zamani haijalalamika. Walio na harusi zao kwenye CD za miaka ya 2000 wazihamishe sasa, kompyuta nyingi mpya hazina tena mahali pa kuziingiza.

Za zamani zilizo kwenye karatasi

Futa vumbi kwa brashi laini, usitumie maji. Skani kwa 600 dpi ikiwa picha ni ndogo ya albamu, na kwa negativu panda hadi 2400 au zaidi. Hifadhi kama TIFF, kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, ili hali yake ilivyo leo ionekane. Iliyogandamana na kioo cha fremu usiing'oe. Ipige ikiwa humo humo, kwa kamera iliyonyooka juu yake, mbali na taa inayoakisi.

Kisha igeuze. Nyuma ndiko kuna mhuri wa studio, mwaka ulioandikwa kwa kalamu ya wino, wakati mwingine jina la mtu aliyetumiwa. Skani upande huo pia, na faili yake iite jina lile lile la mbele, ukiongeza herufi b mwishoni.